Turubai la Amana

Hamdani Saad alikuwa fundi viti pale Ujiji, na kwa sindano na uzi hakuwa na mpinzani mji mzima. Makochi, viti vya magari, magodoro yaliyotoka matumbo, vyote vilipita barazani kwake. Alikuwa mtu wa sala tano na mwenye huruma zake. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali haiutibu: alipenda kusifiwa. Ukimwambia kazi yake haina mfano, angekufanyia nyingine bure.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wengi Kigoma, wa Burundi na wa Kongo, na kila mtu alikuwa na mkimbizi wake anayemfahamu. Wa Hamdani alikuwa Elida, mama mmoja aliyevuka ziwa kutoka upande wa Fizi, Kongo, akapewa kibanda kambini. Mara moja moja alipata ruhusa ya kutoka, akaja Ujiji kuuza mihogo na kupumzika barazani pale akipiga soga na Zuleha, mke wa fundi.

Mwezi wa kumi mwaka wa tisini na saba Elida alikuja bila mihogo. Alikuwa na turubai kichwani, limekunjwa vizuri. Alisema amesikia kwamba binti yake, aliyepotezana naye siku ya kukimbia, yu hai ng'ambo kwa watu asiowajua vizuri. Anakwenda kumchukua. Lakini kibanda kikilala siku moja bila mtu, paa linaondoka, na turubai la msaada mtu hapewi mara mbili. Basi alilivua mwenyewe, akaona bora aliweke kwa mtu anayemwamini.

"Baba, nakuachia hii bashi yangu," alisema, kwa maana watu wa kwao turubai huliita bashi. "Mwezi moja tu. Ndiyo nyumba yangu hii."

Hamdani alilipokea kwa mikono miwili, akasema amana kwake ni kama imewekwa msikitini. Akalipandisha juu darini. Maneno hayo hakuna aliyemlazimisha kuyasema.

Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Mvua za Elinino zikaanza kumwagika kana kwamba mbingu imetoboka. Waliotoka ng'ambo walileta habari za mitumbwi iliyozama na vijiji vilivyochomwa. Elida hakuonekana.

Ndipo akaja Melania wa mtaa wa Gungu na shangingi lake, gari kubwa la kifahari. Mumewe, Oswald, mfanyabiashara wa chumvi ya Uvinza, alilinunua Dar es Salaam na kulileta kwa treni, limefungwa juu ya behewa, na nusu ya mji ilikwenda stesheni kulitazama. Ndani viti vilikuwa vya kitambaa, rangi ya maziwa. Mtu mwenye watoto watatu na mbwa ananunuaje gari la viti vya maziwa, hilo ni swali la kumwuliza Oswald. Yeye alichojua ni kutoa amri: siku atakapoona doa, mke arudi kutembea kwa miguu.

Melania alikuwa karibu kulia. Watoto walitoka shule na matope mekundu hadi magotini. Wa mwisho alitapika kila mlima. Na Popi, mbwa wao, hakubali kuachwa. Akitoka kuogelea ziwani anajikung'uta ndani ya gari. Alikwisha jaribu magunia, vumbi likapenya. Alijaribu nailoni ya dukani, ikapasuka kwenye mikunjo na kuwanata watoto mapajani.

Hamdani alilizunguka gari lile mara tatu, na kazi nzima akaiona kichwani. Viti vya mbele angevivika makava yenye mpira wa tyubu ya baiskeli ukingoni, yang'ang'anie. Kiti cha nyuma angekifungia kipande kimoja kutoka migongo ya viti vya mbele hadi mgongo wa nyuma, kilegee katikati kama mbeleko, matope na manyoya na matapishi yabaki humo humo. Chini angeweka masinia ya turubai yenye kingo za vidole vinne, unayabeba na tope lake ukamwage nje. Kilichokosekana ni turubai lenyewe, gumu, lisilopasuka. Madukani halikuwepo. Aliinua macho darini.

Zuleha alimwona anaweka ngazi, akamkumbusha lile ni la nani.

"Miezi mitatu, Zuleha," alisema. "Aliyekufa hadai."

Akalitandaza, akalichora kwa chaki, akatia mkasi. Mkasi wa kwanza ulimkwama kidogo mkononi. Wa pili haukukwama. Siku nne baadaye Melania alipolichukua gari alipiga vigelegele pale pale barabarani. Oswald mwenyewe alikuja kutoa mkono. Watu wa Gungu wakaanza kumwulizia fundi wa mbeleko ya gari, na Hamdani akawa anatembea kifua mbele. Wiki nzima hakumtazama mkewe usoni.

Elida alirudi mwishoni mwa mwezi wa kwanza, mchana, mvua ikinyesha. Alikuwa amekonda, na pembeni yake alisimama msichana wa miaka minane hivi, ameshika kitenge cha mama yake asikiachie. Alisema shikamoo. Kabla ya lolote alimpa Hamdani chupa ya mawese aliyoibeba kutoka kwao, shukrani ya kutunza. Hamdani akaipokea. Alitamani ardhi impasukie, lakini mkono wake uliipokea. Elida akaulizia bashi yake, maana kesho yake kulikuwa na lori la kurudi kambini, na mtoto hawezi kulala mvuani.

Hamdani akasema ameliweka kwa ndugu yake, pasipovuja. Atalifuata. Zuleha aliwakaribisha wageni ndani, akawapa chakula, na hakumsaidia mumewe hata kwa neno moja.

Hamdani alikodi baiskeli hadi Gungu chini ya mvua. Pale uani kwa Melania alisema ukweli wote kwa mara ya kwanza, akilowa, na Popi akimnusa miguu. Melania alifungua milango ya gari, akawa anafungua mipira pamoja naye, akasema tu kwamba laiti angejua asingeweka miguu ya wanawe juu ya nyumba ya mtu.

Kwa kuwa mbwa alikuwa akiramba humo, Hamdani alilisuuza turubai mara saba, moja kwa udongo, kama dini yake inavyotaka. Elida alikuwa Mkristo na asingeuliza. Lakini angekilaza vipi juu ya kichwa cha mama yule kitu ambacho yeye mwenyewe asingesalia juu yake? Akafumua, akaunga kipande kwa kipande, mshono mara mbili, akapaka nta kila tundu la sindano. Kulipokucha lilikuwa turubai tena, dogo kuliko lilivyokuwa, limejaa makovu.

Alimkabidhi Elida, akamwambia panya walilitafuna, ikabidi alizibe. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Hamdani ilikuwa fupi zaidi, kwa sababu Elida alilifungua pale pale. Alipitisha kidole kwenye mishono iliyonyooka. Panya hawatafuni kwa rula. Akafika kwenye duara la mgongo wa kiti, akaukuta unywele wa mbwa umeshikwa na nta, akauchomoa.

Hamdani akaanza kusema atamtafutia jingine, atakwenda mwenyewe kuezeka, atafanya lolote. Elida alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Kule ng'ambo nilikuta walishagawana nyumba yangu na sufuria zangu," alisema. "Walizania nilikufa. Sikuwakasirikia, sikuwa nimewaachia kitu. Wewe nilikuachia, Baba. Kila siku kule nilikuwa najiambia, yuko mtu moja Ujiji anajua mimi nitarudi."

Alilikunja turubai, akalitia kichwani, akamshika binti yake mkono. Lori lilikuwa linapiga honi. Hamdani aliwasindikiza hadi barabarani.