Mchungaji juu ya jalada, mchawi ndani ya kitabu

Kengele ya kwanza haijalia, lakini Mama Gundi ameshaketi kwenye meza yake ya kubandikia vitabu, nyuma ya rafu ya kamusi. Mbele yake kuna brashi, kopo la gundi na kitabu cha hesabu kilichovunjika mgongo. Anapaka gundi, anapuliza, kisha anapaka tena palepale alipokwisha kupaka. Kwa mtu aliyeifanya kazi hii karibu miaka ishirini, hilo si jambo la kawaida.

"Chai nimeiacha nyumbani, kikombe kimejaa," anasema. "Haishuki, nikiiwaza kesho."

Kesho, baada ya masomo, wazazi wa shule hii ya msingi ya kanisa watakutana ukumbini kuamua mambo mawili. La kwanza ni kama vitabu vya hadithi za uchawi vitolewe maktaba vikachomwe. La pili ni kama mkutubi aliyeviweka humo anafaa kuendelea kukaa na watoto wao. Mkutubi huyo ndiye yeye. Jina la Mama Gundi alipewa na wanafunzi, walimu wakalidaka, na sasa hata mumewe, dereva wa lori, hulitumia anapotaka kumchokoza.

Balaa lenyewe lilianza na kalenda.

Maktaba haina fungu la kununulia majalada. Kwa hiyo kila mwaka mpya Mama Gundi huzunguka kwa majirani na waumini wenzake akiomba kalenda za mwaka uliopita. Karatasi yake ni nene na haichaniki ovyo. Kitabu kikichakaa anakivalisha kalenda, anaandika kichwa chake mgongoni kwa kalamu nene, na kinarudi rafuni kimependeza kama bwana harusi. Mwaka huu alipata rundo la kalenda za kanisa, zenye picha ya mchungaji akitabasamu ndani ya suti ya kijivu.

Kwa kawaida huigeuza picha ikae ndani, upande mweupe ukatazama nje. Siku hiyo alikuwa anabandika huku akiamua ugomvi wa watoto wawili waliogombea kiti, akageuza vibaya. Kitabu chenyewe kilikuwa hadithi ya msichana anayefundishwa uchawi na bibi yake, hadi anaweza kugeuza mawe kuwa ndege. Watoto wanakipenda mno, ndiyo maana kilikuwa kimechanika kuliko vyote.

"Nililiona kosa gundi imeshakauka," anasema. "Nikajiambia, ah, mchungaji si mtu mbaya, acha akae." Anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii, lakini kicheko chenyewe hakifiki mbali.

Kitabu kiliazimwa na msichana wa darasa la nne. Mama yake ni fundi cherehani, ndiye anayeshona sare za karibu nusu ya shule. Alipoiona sura ya mchungaji akafurahi kwamba binti yake amependa kusoma mambo ya dini, akamsifia mpaka kwa jirani. Siku chache baadaye, binti akiwa amemshikia kitambaa mezani, alimwambia, "Mama, nikikua nataka kuwa mchawi."

Fundi alifika maktaba na futi yake bado inaning'inia shingoni.

"Dada, huu ni ujanja gani?" alifoka. "Mmemvisha mchawi suti ya mchungaji ili sisi tusijue?"

Mama Gundi alijaribu kueleza habari za kalenda, upande mweupe na ugomvi wa kiti. "Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo," anakumbuka. Habari ikaota miguu. Jumapili iliyofuata, kwenye kwaya, mwanamke aliyezoea kusoma naye kitabu kimoja cha nyimbo alihamia mwisho wa benchi. Mchungaji mwenyewe alipoletewa kitabu alikitazama muda mrefu.

"Picha imetoka vizuri," alisema. "Ila si mahali pake, mama." Kisha akasema atawasikiliza wazazi, na hajaongeza neno mpaka leo.

Mwalimu mkuu amemweleza waziwazi kwamba mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, na wazazi wakichachamaa hatakuwa na la kumkinga. Mshahara huo ndio unaolipia vyumba viwili wanamoishi na masomo ya uuguzi ya binti yao mkubwa. Mama Gundi anajua kabisa kwamba amekalia kuti kavu. Lakini ukikaa naye kwa muda utagundua kazi siyo hofu yake kubwa.

"Watu wanadhani nashindana na dini," anasema, akiifuta brashi kwa kitambaa. "Mimi ni mtu wa kusali. Naogopa kwamba huenda wao ndio wako sawa, na mimi nimewalisha watoto sumu kwa mkono wangu huu."

Kwa sababu hiyo amevisoma upya vitabu vyote vinavyolalamikiwa, kimoja baada ya kingine. Vingi havikumtisha. Ila kwenye kile cha mawe na ndege upo ukurasa ambao msichana anamfanya jirani awe bubu, na hakuna mtu mzima anayemkemea. "Miaka yote nimekipitisha bila kuuona ukurasa ule. Haukunipendeza. Siwezi kusema wazazi hawana hoja."

Wiki iliyopita fundi cherehani alirudi. Safari hii hakufoka. Aliomba kile kitabu, akaketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakikaribia kidevu, akakisoma mpaka mwisho huku Mama Gundi akijifanya anapanga rafu. Alipomaliza alikifunga taratibu.

"Kizuri," alisema. "Ndiyo maana nakiogopa."

Ndipo alipomsimulia. Mama yake mzazi aliitwa mchawi. Mtoto wa jirani alikuwa amefariki ghafla, na minong'ono ikamwangukia yeye, mjane aliyeishi peke yake na wanawe. "Hawakuja na ushahidi, walikuja na mafuta ya taa," fundi alisema. Nyumba iliteketea. Mama alitoroka na watoto na cherehani, akaenda kufia ugenini, na cherehani ile ndiyo inayoshona sare za shule hii.

"Kwako wewe neno hilo ni hadithi, dada. Kwetu lilikuwa kiberiti."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama Gundi anakiri kwamba alikuwa amemwona mwenzake mkorofi tu, mtu wa kutafuta makosa. Siku hiyo walilia wote wawili, na kengele ya mapumziko ikawakuta hivyo hivyo.

Leo, wakati wa mapumziko, fundi anaingia tena, ana mfuko wa sare begani. Amekubali habari zake ziandikwe kwa sharti asitajwe jina.

"Kesho utasimama upande gani?" Mama Gundi anamuuliza.

"Sijui. Nikisema vichomwe, nauona ule moto. Nikisema vibaki, mwanangu atalitamka neno lile mbele ya mtu asiyejua utani."

Mama Gundi anamweleza atakachoomba kesho. Ataomba vitabu visichomwe, bali visomwe akiwepo mtu mzima wa kuulizwa. Ataomba maktaba ifunguliwe Jumamosi, kila mzazi aje akisome kitabu kwanza ndipo akihukumu. Zaidi ya hayo hana.

"Lakini mdogo wangu," anaongeza, "wapo watu wanaojua yaliyowapata kwenu. Kesho mtu anaweza kuropoka, na habari ikamfikia mtoto kwa mdomo wa mtu mwingine. Mwambie leo."

"Nitaanzia wapi? Mimi si mtu wa hadithi."

"Anzia kwenye jina lake. Mwambie amelirithi kwa nani."

Fundi anautua mfuko mezani. Binti yake ana jina la bibi yule aliyechomewa nyumba, na hajawahi kuambiwa alikuwa nani. Anautwika tena mfuko begani, anaaga kwa kichwa na kutoka bila kusema kama atafanya hivyo.

Mama Gundi anamtazama mpaka anapopotea kwenye kona ya madarasa.

"Wakinifukuza nitalia, halafu nitatafuta kazi nyingine," anasema. "Ila Mungu akinijalia, natamani Jumatatu mtoto yule anikute hapa, aniambie kwa kinywa chake mwenyewe kwamba bibi yake hakuwa mchawi, alikuwa fundi."