Hanchifu ya Mzee wa Mizani

Kwenye mikutano ya chama chetu cha wakemia tunamwita Mzee wa Mizani. Hashiki kitu kwa vidole vitupu. Kikombe cha chai, kalamu, hata nishani anazowavalisha washindi kila mwaka, vyote huvishika kwa hanchifu nyeupe, kwa sababu jasho la kidole lina uzito na mizani ya maabara haimsamehe mtu. Vijana humcheka chinichini. Mkewe, aliyekuwa akipima maji ya visima kwenye meza ya jirani, alimcheka waziwazi. Mwaka huu nishani ilikuwa ya mkewe, naye tulishamzika.

"Ipokee kwa niaba yake, mzee wetu," mwenyekiti alisema.

"Angekuwepo angechelewa," alijibu, na ukumbi ukacheka kidogo.

Aliporudi kuketi kando yangu alikuwa ameifumbata nishani kiganjani, ameibana mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Hanchifu ilikuwa imeanguka chini ya kiti. Niliiokota nikampa.

"Iache tu, mwanangu," alisema bila kufungua mkono. "Nishani hii haiendi kwenye mizani."