Pensheni Aliyoiacha Clifford

Norma Hesketh, mjane wa miaka themanini na mbili mjini Barnsley, Uingereza, alinyimwa msaada wa serikali wa kupasha nyumba joto. Kipato chake kilipita kiwango kwa pauni nne tu kwa wiki, kwa sababu ya pensheni ndogo ya marehemu mumewe, Clifford, aliyechimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakamuua.

"Si uikatae hiyo pensheni, shoga?" jirani yake Beryl alimtania.

"Nimkatae Clifford wangu?"

Januari ilipokaza baridi, Norma alizima hita, akawa anashinda kitandani na koti lake. Siku moja aliigeukia picha ya mumewe. "Afadhali usingeniachia kitu!" Papo hapo aibu ikamshika, akalia, akamwomba radhi.