Kompyuta ya Baba Daniel Ilivyokataa Kuamka

Watu wa huku kwetu Kilakala wakimtaja Mzee Kasimiri husema ni yule mzee wa kwaya anayeongea na kompyuta. Waseme watakavyo. Mimi ndiye jirani yake, kati yetu kuna ua wa michongoma tu, na kama kuna mtu aliyechoshwa na ile kompyuta chini ya jua hili ni mimi. Kwa hiyo niacheni niseme.

Kasimiri alikuwa fundi umeme kiwandani. Kiwanda kilipobinafsishwa, wenye mali wapya wakaja na mafundi wao, naye akarudi nyumbani na kofia yake ya kazi mkononi. Hakulalamika. Alikuwa na mke, Catherine, mwanamke wa maneno yule, Mungu amrehemu, na mtoto mmoja, Daniel, aliyesomea mambo ya kompyuta akapata kazi Dar kwenye kampuni ya simu. Miaka ile kampuni za simu zilikuwa zinaota kama uyoga, na vijana wetu wenye vichwa vyepesi wote walimezwa huko.

Catherine akiwa hai, Daniel akipiga simu anayepokea ni mama. Mama na mwana wanacheka, wanasengenya, baba yuko pembeni anatengeneza pasi ya mtu. Mwishoni kabisa ndiyo anapewa. "Shikamoo Baba." "Marahaba. Kazi?" "Nzuri." "Haya." Basi! Catherine alipofariki zikabaki zile "haya" peke yake, nazo zikazidi kupungua. Si kwamba walikosana, hapana. Walikuwa wanaume wawili wasiojua waanzie wapi. Na Dar si Ulaya jamani! Ukipanda basi asubuhi, chakula cha mchana unakula huku. Lakini Daniel alikuwa na kazi, na kazi, na kazi.

Krismasi moja hakuja, akatuma laptopu kwa basi. Alisema baba aandikie nota za kwaya, maana mzee alikuwa anaandika kwa kalamu mpaka macho yanamtoka machozi. Ilikuwa ya mtumba, nzito kama tofali, imetengenezwa kwa ajili ya vijana wanaocheza magemu, na ndani yake ina kadi kubwa ya picha inayojitegemea. Daniel aliing'oa mifumo yote waliyozoea watu akaweka mfumo mwingine uitwao Linux, kwa sababu flashi za stesheneri za mjini zilijaa virusi. "Hii haishikwi na virusi ovyo, Baba," akamwambia. Kweli, virusi haikupata. Ilipata kilema kingine.

Ukiifunika inalala, kama zote. Ukiifunua, feni inavuma, taa zinawaka, kioo cheusi tii. Haiamki ng'o. Inabidi ubonyeze kitufe mpaka izimike kabisa, na ulichokuwa hujakihifadhi ndiyo kwaheri. Siku ya kwanza mzee alipoteza wimbo wa mavuno, sauti ya besi yote. Akakaa mlangoni ameshika tama. Nikamwambia, "Si usiifunike?" Akanijibu, "Mama Judith, umeme wenyewe huu wa mgao. Nikiiacha wazi, betri itadumu?"

Basi akampigia Daniel. Yeye mwenyewe, ambaye hajawahi kupiga! Na hapo ndipo Jumapili zilipoanza.

Kila Jumapili baada ya Misa simu inalia. Mzee anaiweka mezani barazani, sauti imefunguliwa, mimi huku natoa maganda ya njegere nasikia kila kitu. "Baba, fungua pale pa kuandikia amri. Andika ninavyokutajia. Weka nafasi. Sasa nukta. Unaona nini?" "Naona maneno mengi, mwanangu." "Nisomee." Mzee anasoma herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Walibadilisha dreva, yaani programu inayoiendesha ile kadi, wakaweka ya waliotengeneza kadi, wakaitoa wakaweka ya bure. Wakailaza kwa amri badala ya kuifunika. Wakasoma yale ambayo mashine hujiandikia yenyewe juu ya kilichoipata usingizini. Inalala, inafunuliwa, giza.

Sasa sikilizeni. Kila walipojaribu jambo, ilibidi mashine izimwe iwashwe upya. "Ngoja iwake," anasema Daniel. Na katika kungoja huko maneno yakawa yanatoka. "Umekula nini leo?" "Huku mvua imenyesha, mlima hauonekani." Siku moja nikamsikia Daniel, "Baba, yule Josephine niliyekwambia..." Mzee akasema, "Hukuniambia." Na Daniel, "Aa, basi ngoja nikwambie." Mchumba alijulikana hivyo, kompyuta ikiwa inawaka!

Nilimtania sana. "Baba Daniel, hiyo ina pepo, mpelekee padre aiombee." Anacheka. Halafu nikamwona ananyoa ndevu kabla ya simu. Nikamuuliza, "Ndevu zako nani atakayeziona kwenye simu?" Akasema, "Mwenyewe nazijua." Mimi Judith wangu yuko Songea kwa mumewe, hupiga akitaka kitu, lakini hupiga. Nilikuwa sijui kumbe mtu anaweza kunyolea simu ndevu.

Kikaja kipupwe, ule upepo wa kutoka mlimani unaoingia mpaka kwenye mifupa. Mchana mmoja nilikwenda kumrudishia ungo wake. Laptopu ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma cha marehemu Catherine, kile kilichokuwa cha redio. Na juu ya kitambaa paka amejikunja, raha mustarehe.

"Paka wako hana adabu," nikasema, "analalia nota za kanisa."

Mzee akamfukuza, kisha mkono wake ukabaki pale pale. Akaupitisha chini ya kitambaa. "Mama Judith, hii nimeifunika tangu asubuhi. Imelala. Mbona ina joto?"

"Hata mimi nikilala nina joto."

"Wewe si kompyuta," akasema, na tayari alikuwa hanioni tena. Kwa fundi umeme, palipo na joto pana umeme unaopita. Kumbe ndani mlikuwa na mashine mbili za kutoa picha: ile kadi kubwa, na nyingine ndogo iliyo tumboni mwa kompyuta. Wenzake wote wanalala, kadi kubwa inakesha, na wenzake wakiamka yeye ndiye hajui pa kupeleka picha. Mzee aliisumbukia wiki nzima, akipekua kwa zile amri za Daniel, akapata jinsi ya kuandika mstari mmoja kwenye faili ambalo mashine hulisoma inapowaka. Mstari unasema: zima kadi kubwa, ndogo ifanye kazi. Yeye na magemu wapi na wapi? Akaifunika, akaifunua, na nota zikawa pale pale alipoziacha. Alipiga ukelele nikakimbia na panga nikidhani ni nyoka.

Akampigia Daniel hapo hapo. "Imepona!"

"Kweli? Safi sana Baba! Niko kikaoni, tutaongea." Hata hakuuliza imeponaje.

Jumapili iliyofuata mzee akanyoa ndevu, akaiweka simu mezani. Haikulia. Na nyingine tena. Nikasema, "Si umpigie wewe?"

"Nimwambie nini?"

"Msalimie!"

"Nikishamsalimia?"

Niliumia, nasema kweli. Ile nyumba ilikuwa kimya mpaka nikitwanga nauonea haya mchi wangu.

Halafu asubuhi moja nikamsikia anapiga mluzi. Kisha simu: "Imerudi ile ile, Daniel. Giza tupu." Nikachungulia kwenye michongoma. Akaniona, akainamisha uso. Nikaingia.

"Baba Daniel, imerudi, au umeirudisha?"

Akanionyesha. Mbele ya ule mstari wake ameweka alama moja, ile ya reli, mistari miwili iliyokatizwa na miwili. "Ukiiweka hapa, mashine inauruka mstari wote, haiusomi. Sijaufuta. Nimeuwekea alama tu." Alisema hivyo kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Usimwambie."

Sikucheka. Nilirudi kwangu nikalia, haki ya Mungu. Mtu mzima yule.

Jumapili zikarudi. Nafasi, nukta, nisomee, ngoja iwake. Mpaka Daniel akapata safari ya kikazi ya Dodoma, akasema, "Nitapita nyumbani, Baba, niione kwa macho yangu."

Nikamuuliza mzee kama ataondoa alama. Akafikiri sana. "Nikiiondoa, ataikuta nzima. Nikiiacha, ataiona." Akaiacha. Nadhani moyoni alitaka ionekane. Alitaka mwanawe aione aelewe, bila yeye kulazimika kufungua kinywa.

Akachinja jogoo, nikampikia wali wa mchele wa Dakawa, wenyewe ule unaonukia. Daniel akaja na gari la kampuni, dereva akabaki nje injini ikiunguruma. "Shikamoo Mama Judith." "Marahaba baba, karibu." Amenenepa, mtoto mzuri, sura ya mama yake kabisa. Hakugusa chakula, akavuta mashine kwanza. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia. Mzee amesimama nyuma ya kiti. Mimi na upawa wangu mlangoni.

"Ebo!" akasema Daniel. "Jibu si hili hapa! Limeandikwa vizuri tu, ila pameingia alama mbele yake. Baba, uligusa kitu kwa bahati mbaya?"

"Labda," akasema.

Labda! Daniel akaifuta kwa kidole kimoja, akaizima, akaiwasha, akaifunika, akaifunua. Picha hiyo. "Kitu kidogo namna hii! Haitakusumbua tena, Baba."

"Ahsante, mwanangu."

Nilifungua mdomo. Kasimiri akanitazama, nikaufunga. Daniel akala vijiko viwili vitatu, akakumbatia baba yake, huyoo akaenda zake.

Jumapili ikafika. Mzee akatoka Misa, akanyoa, akakaa barazani na laptopu magotini. Simu kimya. Akawa anaifunika na kuifunua. Anaifunika, anaifunua. Kila mara picha inakuja.

"Ni nzima," akaniambia kupitia michongoma.

"Naiona."

Nikaingia ndani kwangu nikachukua simu yangu. Nilikuwa nimechoka kuwa mstaarabu.

"Daniel."

"Shikamoo Mama Judith. Kuna nini? Imeharibika tena?"

"Haijaharibika. Ilipona zamani, tangu kipupwe, na aliyeiponya ni baba yako. Na ile alama uliyoifuta aliiweka yeye, kwa kidole chake, akijua anachofanya. Bahati mbaya, eti!"

"Sasa... kwa nini aiharibu?"

"Hebu kumbuka ulikuwa unampigia lini."

Nikasikia anavuta pumzi. "Mama Judith," akaanza, nikakata. Nilijua nimevunja siri ya mtu, na kama mzee angenichukia, shauri yake.

Nikarudi kwenye maharage niliyokuwa nimeyainjika jikoni. Haukupita muda, simu ya jirani ikalia.

"Haloo. Marahaba." Akasikiliza. "Hapana, ni nzima. Inalala, inaamka." Akasikiliza tena. "Eeh. Ni nzima kabisa."

Halafu sikusikia chochote. Nikadhani imekatika, nikasogea uani kumwangalia. Haikukatika. Mzee alikuwa ameishikilia sikioni, mkono mwingine uko juu ya laptopu, ameirudishia kile kitambaa cha Catherine, machozi yanamtiririka kwenye mashavu aliyoyanyoa. Hakuna aliyekuwa anasema neno, si huyu wala yule wa Dar, na hakuna aliyekata.

Maharage yangu yakaanza kunuka kuungua. Nikayaacha yaungue.