Uzio Alioung'oa Mume Wangu

Tulipotoka kituo cha mapokezi cha Kabazana na kupewa kiwanja katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mume wangu alipanda uzio hata kabla ya nyumba kupata mlango. Aliomba vijiti kwa jirani, vya kile kichaka chenye vimiiba na maua mekundu yaliyochanganyika na manjano. Kwetu Kivu ya Kusini kilimea kando ya kila njia. Kilikua haraka, mbuzi wakakoma kuingia kwenye maharage, nami nikajiona mtu mwenye kwake.

Baada ya miaka michache alipata kibarua katika hifadhi ya wanyama inayopakana nasi. Msimamizi wao, askari mstaafu wa Mbarara, aliwaonyesha kitu cha kung'oa.

"Hii kitu si ya hapa. Imemaliza majani, wanyama hakuna kula. Toa na mizizi!"

Mume wangu alikitambua kabla ya kuinua jembe. Kilikuwa kichaka kile kile cha uzio wetu.

Jioni alirudi mikono imechanika, chakula hakugusa.

"Mama ya batoto, ile mauwa yetu iko inaua fasi ya banyama. Punda milia beko banazunguka tu, majani hakuna."

"Lakini ni ile njo inatuchungia maharagi," nikamjibu. "Batoto batakula nini?"

"Ndege banakula mbegu yake, banaipeleka mingi kule kwa banyama."

Jumapili, baada ya ibada, aling'oa uzio wote peke yake, nami nikabaki jikoni nikisikia jembe. Msimu ule mbuzi walimaliza maharage, tukaishi kwa mihogo.

Kila mvua ilipokatika alirudi hifadhini, na kila mara walikuta miche imejaa palepale walipopasafisha. Majirani hawakung'oa uzio wao. Sikuwalaumu, maana mbuzi walikuwa wale wale.

Mgongo ulipomshinda, msimamizi alimwambia apumzike. Siku hiyo ya mwisho alipita kwenye bonde walilohangaika nalo kuliko yote, akakuta limeziba tena. Swala mmoja alikuwa akitafuta upenyo wa kufikia maji, akakosa, akageuka.

"Tulitafuta tu fasi ya kulala salama," aliniambia. "Hakuna mutu alituambia ile mauwa itafungia banyama njia."

Nikamsugua mgongo kwa mafuta ya mawese.