Rangi ya Mama Chini ya Tenti ya Bluu

Kazi yangu ni kuwarudishia watu rangi yao. Nasema hivyo kwa majivuno kidogo, maana nimeifanya miaka mingi katika studio moja ya picha mjini Kisii. Wateja huja na picha walizopigwa kwa simu, nyuso zimekuwa za kijivu au zambarau, nami huzirekebisha mpaka mtu afanane na mtu. Siwapendi wanaomgeuza mweusi akawa mweupe kama maziwa. Mteja akiniomba nimng'arishe, humwambia bila kupepesa macho kwamba ngozi aliyopewa inamtosha. Wengine hununa. Wengine huvuka barabara kwenda studio ya pili, na huko wanang'arishwa.

Kisha mama yangu akafariki.

Nyumbani wakakubaliana kwamba picha ya mazishi niitengeneze mimi, wala hakuna aliyeniuliza kama ninaweza. Ingetangulia jeneza, halafu ingetundikwa sebuleni kwetu Ikonge, na wajukuu waliokuwa bado wachanga wangemjua bibi yao kwa picha hiyo tu. Hilo ndilo lililonitia hofu. Rangi nitakayoiweka mimi ndiyo ingekuwa rangi ya mama yangu maisha yao yote.

Mama hakupenda kamera, hata yangu. Picha moja tu ilimwonyesha uso mzima, akicheka, kwenye harusi ya binamu yangu, ameketi chini ya tenti ya bluu. Anayefanya kazi hii anajua maana yake. Jua likipita kwenye turubai la bluu, kila aliye chini yake anakuwa bluu: bwana harusi, keki, hata mchungaji. Mimi huwa sijali kwa sababu ipo njia. Unatafuta kitu unachojua ni cheupe, unaionyesha kompyuta, nayo inaondoa bluu kwenye picha nzima mpaka kitu hicho kiwe cheupe kweli. Ngozi hufuata yenyewe.

Mama alikuwa amejifunga kitambaa chake cheupe cha kanisani. Nikakionyesha. Kitambaa kikawa cheupe pepepe, na mama akawa rangi ya karoti.

Nilidhani kompyuta imekosea, nikarudia. Karoti. Nilikaa nikiutazama uso ule hadi nikakumbuka mama alivyofua vitambaa vyake vya Sabato. Maji ya mwisho aliyatia bluu ya kufulia, tena bila uchoyo, kwa sababu kwake nguo nyeupe isiyopitishwa kwenye bluu ilikuwa bado chafu. Kumbe kitambaa hakikuwa cheupe hata siku moja. Kompyuta ilikuwa imeondoa bluu ya tenti, ikaendelea, ikaondoa na ya mama.

Basi, nikasema, nitatumia macho yangu. Nikapunguza wekundu, nikaongeza giza, nikapandisha, nikashusha. Ndipo nilipogundua jambo lililonitisha: sikujua mama yangu alikuwa na rangi gani. Ningeweza kueleza sauti yake, na harufu ya sweta yake akitoka kuchuma chai. Rangi iligoma kunijia.

Nikampigia dada yangu mkubwa. Akasema mama alikuwa mweusi, mweusi wa kupendeza, na akashangaa kwamba nauliza. Kaka yangu akasema hapana, mama alikuwa maji ya kunde. Baba, nilipomtumia picha zote, alijibu kwamba ile ya kwanza kabisa, ya bluu, ilikuwa nzuri na niache kuichezea. Nikamkasirikia, mzee aliyefiwa, jambo lisilofaa. Labda dada alimkumbuka mama akiwa juani shambani, na kaka akamkumbuka kwenye kitanda cha hospitali. Mimi nilimkumbuka jikoni, kwenye moshi, ambako hakuna mwenye rangi.

Mwishowe nilichagua ya katikati kwa sababu nilikuwa nimechoka, nikaichapisha.

Siku ya mazishi nilisubiri jeneza lifunguliwe kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Nilijiambia kwamba sasa nitaona, nitajua. Lakini watu wa mochari walikuwa wamempaka poda. Uso wake haukuwa wa dada, wala wa kaka, wala wangu. Nililia kwa hasira, na waombolezaji wakadhani ni huzuni tupu.

Mama mkubwa, dada wa kwanza wa mama, alinikuta pembeni nimeikumbatia fremu. Nikamuuliza kama rangi ile ilikuwa ya mama kweli, maana mimi nilikuwa nimepotea.

Hakuitazama picha. Aliushika mkono wangu, akaukandamiza juu ya kioo, kando ya uso wa mama.

"Rangi yake si ni hii," akasema. "Wewe unatafuta gani ingine kwa kompyuta?"

Nikaanza kupumua. Kisha akamvuta dada yangu, ambaye ni mweusi kunishinda kwa mbali sana, akauweka mkono wake upande wa pili wa uso uleule.

"Na hii," akasema.

Akaondoka kwenda kuwaamkia wageni, akatuacha tumesimama hivyo. Nikautazama mkono wa dada, nikautazama wangu, na mama katikati akicheka. Sikujua ni upi uliokuwa ukisema kweli, na wangu sikutaka kuutoa.