Mifumo Miwili Ndani ya Kompyuta Moja

Laiti ningalikataa siku ile mkubwa wetu katika kampuni ya chai aliponiomba nibaki Kericho kutunza mfumo wa zamani wa kompyuta. Kompyuta kubwa mpya ilikuwa imefika, na ndani yake tuliendesha mfumo mpya na wa zamani kwa pamoja. Kila mmoja ulifanya kazi kana kwamba mashine yote ni yake peke yake. Ule wa zamani niliujua mimi tu. Nilikubali mwaka mmoja kwa sababu nilipenda kuhitajika, nikakaa kumi na minne.

Mke wangu alibaki nyumbani kwetu Merigi na ng'ombe wetu, nami nikirudi wikendi tu. Nilipostaafu mwaka jana, nilimuuliza kilipo kibuyu changu cha mursik, maziwa yanayogandishwa kibuyuni kwa siku nyingi.

"Baba watoto, mursik haingoji mtu wa wikendi," akasema. "Humo sasa naweka mbegu za maboga."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo liliniumiza zaidi. Siku hizi tunasalimiana asubuhi, kisha kila mtu anashika shughuli zake. Hakuna aliyenilazimisha kubaki Kericho. Uamuzi ule ulinigharimu mke wangu, naye angali hai, analala chumba cha pili.